Sekunde Kumi na Mbili na Mstari Mmoja

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika hospitali nzima. Wauguzi walimwita Sekunde, wafagiaji walimwita Sekunde, na mganga mkuu, mtu aliyejivunia kutomtania mtu yeyote, siku moja alimwandikia barua ya onyo akaianza kwa "Bwana Sekunde", akashtuka, akakata kwa kalamu na kuandika upya. Barua hiyo Sekunde aliitunza. Alipenda kuwaonyesha wageni ile sehemu iliyokatwa.

Jina alilipata kwa saa. Ilikuwa saa ya chuma ya kubonyeza, aliyoachiwa na mwalimu wake, na ilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Ikiletwa damu ipimwe kama inaganda, Sekunde aliyatenga yale maji yake ya manjano, akayatia kwenye mrija wa kioo uliosimama ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akadondoshea dawa, akabonyeza. Kisha aliuinua mrija na kuulaza, akauinua na kuulaza, macho hayapepesi, mpaka yale maji yaache kutembea, yashikamane kuwa donge. Akabonyeza tena. Ikiwa kumi na mbili au kumi na tatu, mtu ni mzima. Ikifika ishirini na kitu, hapo pana neno. Walipoletewa mashine ya kufanya kazi hiyo hiyo, alishindana nayo wiki nzima, yeye upande huu wa meza na mashine upande ule, na tofauti haikuzidi nusu sekunde. Alisema iliyokosea ni mashine.

Alikuwa msafi kupita kiasi. Donge likishaonekana na namba ikishaandikwa, mrija ulioshwa papo hapo, ukasuuzwa mara tatu, ukaning'inizwa kichwa chini. Maabara nyingine mtu anakuta mirija ya jana imekaa na madonge yake, nzi wanatalii. Kwa Sekunde thubutu! Wanafunzi walioletwa kwake kujifunza walifundishwa mambo mawili kabla ya salamu: kwamba saa haina ndugu, na kwamba donge halilali maabara.

Watu wa namna hii dunia inawapenda, na kwa kweli ni watu wa kutegemewa. Ubaya wao ni mmoja tu. Wakishajua kitu kimoja vizuri sana, hudhani wamemaliza.

Alikuwa na mdogo wake mmoja wa kike, aliyefuata miaka kumi baada yake, wakati mama yao ameshakata tamaa ya mtoto mwingine. Walimwita Kitinda, na jina likamganda. Sekunde alimbeba mgongoni, akamfundisha kusoma, akamtetea kwa wakubwa. Kitinda alipokua alijifunza ushonaji, akawa fundi hodari wa sare za shule, na kwenye cherehani yake hapakukosa kitambaa cheupe kilichochanwa vipande vyembamba. Hivyo vilikuwa vya kufungia vidole. Akijichoma sindano, damu ilitoka kidogo ikakoma kama ya watu wengine. Kesho yake, ameshasahau, kidole kilianza kuvuja upya na kuchafua kola za watu. Wateja walimtania kwamba ana vidole vya kinyongo, haviwezi kusamehe siku hiyo hiyo.

Akaolewa na fundi seremala, mtu mpole asiye na maneno mengi. Mimba ya kwanza ilitoka mwezi wa tatu. Ya pili, mwezi wa tatu. Ya tatu ilifika mwezi wa tano, watu wameshaanza kubishania majina, nayo ikatoka kwa damu nyingi, na nusura aende nayo.

Kila mara Sekunde alimpima mwenyewe. Hakukubali mtu mwingine amguse mdogo wake. Aliinua mrija na kuulaza, akabonyeza saa, na mara zote tatu ikawa kumi na mbili barabara.

"Damu yako inaganda vizuri kuliko yangu," alimwambia Kitinda. "Mimi napata kumi na tatu."

Baada ya mimba ya pili, mama yao alimfuata kule kule kazini. Alikuwa mama mwenye aibu, na alingoja chumba kibaki na wao wawili.

"Nina neno," akasema. "Mwenzio alipozaliwa, kitovu kilivuja damu. Kilikauka vizuri, kikakatika, halafu ndipo kikaanza kuvuja. Siku nane nabadilisha nguo. Sijui kama lina maana."

Sekunde aligeuka haraka kutazama mlango kama umefungwa.

"Mama, hilo usilitamke tena. Tukianza kusemwa kwamba ukoo wetu una damu mbaya, yeye atarudishwa kesho, na mimi hawa wanangu wawili wa kike nitawaoza kwa nani?"

"Mimi nauliza tu."

"Saa imesema kumi na mbili. Saa haina ndugu, mama."

Mama akaenda zake. Alikuwa akimwamini mwanawe kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe, na miaka miwili baadaye alifariki bila kulitamka tena. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Ila wahenga hawakusema kwamba anayeficha anaweza kuwa mmoja, na asiyezaa akawa mwingine.

Ikaja ile mimba ya tatu, na wiki tatu baada yake akaja mama mkwe wa Kitinda.

Dirisha la maabara lilikuwa na tundu dogo chini, la kupitishia karatasi, na mtu mzima ilimbidi ainame ili asikike. Yule mama aliinama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito iliyofanya hata salamu yake isikike kama amri, na nyuma yake benchi lilikuwa limejaa wagonjwa.

"Mwanangu, nimekuja kuuliza damu ya mke wa mwanangu."

"Uliza, mama."

"Nataka ukweli. Kama kuna kitu kwenye damu yake, niandikie kwenye karatasi yenye mhuri. Niende nikawaonyeshe watu wa nyumbani."

Sekunde alihisi masikio yanawaka moto. Kumbe ndio maana amekuja! Ametumwa kutafuta kasoro, apate karatasi ya kumrudishia mtu mwanawe kama shati lililoshonwa vibaya.

"Hakuna kitu," akasema.

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa."

"Tazama tena, baba. Hata kidogo?"

"Mama! Mimi ndiye niliyepima. Hata kidogo!"

Akavuta fomu. Fomu ile ilikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya tarehe na nafasi ya namba, basi. Aliandika: muda wa kuganda, sekunde 12. Kazi yake ilikuwa imeisha hapo. Lakini alikuwa na hasira, na hasira ikishika kalamu hainyanyui mkono mapema. Chini ya namba, pasipo na nafasi ya kuandika chochote, akaongeza mstari mmoja kwa herufi kubwa: HANA UGONJWA WOWOTE WA DAMU. Akagonga mhuri, akaona haukukolea, akagonga tena.

Yule mama aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, kisha akairudisha tunduni.

"Hebu nisomee."

Sekunde akamsomea. Alisoma kwa sauti ya kutangaza, benchi zima likasikia. Mama mkwe akabaki ameinama pale pale, kama mtu anayengoja chenji. Halafu akasema, "Basi," akaikunja karatasi akaondoka bila kushukuru. Sekunde akaegemea kiti chake. Alijua amemshinda.

Siku kumi na mbili baadaye, Kitinda alirudishwa. Alifika na cherehani yake juu ya mkokoteni, yeye mwenyewe akitembea pembeni ameishika isianguke. Watu wa mumewe walikuwa wamekaa kikao, na karatasi ya Sekunde ilisomwa hapo na baba mdogo wa yule seremala, mtu aliyependa kusoma vitu mbele za watu. Damu nzima, akasema. Kaka yake mwenyewe kaandika, na mhuri kagonga mara mbili. Mimba haziwezi kutoka tatu mfululizo kwa mtu mwenye damu nzima. Kama si damu, basi ni mkono wake.

Neno hilo lilimtangulia Kitinda kila alikokwenda. Anatoa mimba. Hakuolewa tena. Miaka ishirini na moja alishona sare za watoto wa watu, na Sekunde kwa miaka hiyo yote hakuvuka ile barabara iliyowatenga na wakwe wa zamani wa Kitinda. Alimchukia yule mama kwa moyo wake wote. Akipita jirani na kusikia sauti nzito ya mwanamke, alitema mate chini.

Haya. Mwaka wa mwisho kabla ya Sekunde kustaafu, Kitinda akaanza kuumwa tumbo upande wa kulia. Yakaonekana mawe kwenye nyongo, na daktari wa upasuaji akaagiza damu ipimwe kwanza. Kitinda, sasa mwanamke wa miaka arobaini na minane mwenye miwani ya kushonea, akakaa kwenye kiti kile kile. Sekunde akapima. Sekunde kumi na mbili. Akafurahi, maskini, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

Lakini hospitali sasa ilikuwa na daktari wa damu. Alikuwa mwanamke kijana, mdogo kuliko binti wa kwanza wa Sekunde, mwenye viatu vya raba na tabia ya kuuliza maswali huku ametazama kwingine. Muuguzi wa meno alikuwa amemnong'oneza kwamba huyu fundi wa sare aliwahi kung'olewa jino, akaenda nyumbani mzima na kesho yake akarudi amejaa damu mdomoni. Daktari akamwita Kitinda maabara, akamkalisha karibu na beseni la maji ya uvuguvugu, akaanza kumuuliza, na Sekunde akawa anasikiliza huku anasuuza mrija.

Majeraha yanapona? Yanachelewa, akasema Kitinda. Ukijikata? Inakoma, halafu kesho inaanza upya. Mimba? Tatu, zote zilitoka.

"Na ulipozaliwa, kitovu kiliwahi kuvuja damu?"

Kitinda akacheka kidogo. "Daktari, hilo nitalijuaje? Mama ameshafariki. Labda kaka, yeye alikuwa mkubwa."

Wote wawili wakamgeukia. Maji ya bomba yalikuwa yakimwagika bado, naye akayafunga.

"Kilivuja," akasema. "Siku nane."

"Ulikiona?" akauliza daktari.

"Mama aliniambia."

"Alikwambia lini?" Huyu sasa alikuwa Kitinda.

Sekunde alikuwa na miaka hamsini na minane, na hajawahi kusema uongo kuhusu tarehe. "Ile mimba ya pili."

Kitinda alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena. Daktari, ambaye hakuwa mjinga, akarudi haraka kwenye mambo ya mirija.

"Mzee, donge likishaganda huwa mnaliacha muda gani?"

"Haliachwi. Mimi sipendi uchafu."

"Leo tutaliacha."

Akaeleza. Damu kuganda si kazi ya mkono mmoja, ni mikono mingi inayopokezana, na waganga wameipa namba. Wa kumi na tatu ndio wa mwisho. Huo hauongezi wala haupunguzi sekunde hata moja. Kazi yake ni kulikaza donge likishakuwepo. Wapo watu, wachache sana, wanaozaliwa bila huo wa kumi na tatu, na saa itawaambia ni wazima hadi siku ya kuzikwa, kwa sababu saa inaishia pale donge linapoonekana.

"Ni kama kushona bila kufunga uzi mwishoni," akasema Kitinda. "Nguo inakaa vizuri dukani. Ukiivaa kesho, inafumuka."

"Ndivyo hasa," akasema daktari.

Kipimo chenyewe kilimfedhehesha Sekunde kwa urahisi wake. Alitazamia dawa ya kuagizwa mbali. Daktari alinyoosha mkono kwenye rafu akashusha chupa ya asidi ya siki, ile ile ambayo Sekunde aliizimua kila siku kuhesabia chembe nyeupe za damu. Ilikuwa hapo tangu siku ya kwanza ya kazi, shubiri moja kutoka msumari anaotundikia saa yake. Unagandisha yale maji ya manjano ya damu ya mgonjwa, unalitia donge kwenye maji yenye siki kidogo, unaliacha. La mtu mzima linabaki. La mtu asiye na wa kumi na tatu linayeyuka.

"Tunahitaji mzima wa kulinganisha naye," akasema daktari.

Sekunde akakunja mkono wa shati bila kuambiwa.

Saa mbili asubuhi mirija miwili ikasimamishwa dirishani, wa kushoto wa kaka, wa kulia wa mdogo wake, kila mmoja na donge dogo jeupe mfano wa kipande cha nazi. Kitinda akaenda zake. Alikuwa na sare sita za kumalizia. Sekunde akaendelea na kazi, lakini siku ile aliandika namba za watu bila kuzisikia. Saa nne, donge la kulia lilikuwa limepoteza kingo zake. Saa sita lilikuwa kama ute. Saa saba na nusu alichukua mrija akauinua na kuulaza, akauinua na kuulaza, kama alivyofanya maisha yake yote, na ndani yake maji yalitembea juu na chini, meupe, hayana kitu. Donge lake yeye lilikuwa limekaa pale pale, gumu, halijali.

Akakaa chini. Saa ilikuwa shingoni mwake, nzito, na kwa mara ya kwanza aliivua kabla ya mwisho wa kazi.

Kesho yake walirudia, likayeyuka tena. Damu nyingine ikapelekwa maabara kubwa, na baada ya wiki tatu jibu likarudi: wa kumi na tatu haupo, au upo kidogo usioweza kuhesabika. Daktari akamketisha Kitinda na kumweleza matibabu. Atawekewa maji ya damu ya watu wengine, yanayotunzwa kwenye friji la kugandisha, mfuko kabla ya upasuaji, na baada ya hapo kila wiki ya nne maisha yake yote. Wa kumi na tatu hauchoki haraka, kidogo tu kinatosha kwa wiki nyingi. Bila hivyo, hata kugonga kichwa mlangoni kungeweza kumuua siku yoyote katika miaka hiyo yote.

"Daktari, ngoja," akasema Kitinda. "Ningewekewa hayo wakati ule, wangekaa?"

Daktari alikuwa kijana lakini hakukimbia swali. "Wengi hukaa. Siwezi kukuapia. Ila wengi hukaa."

"Na hayo maji ya damu, enzi zile yalikuwepo?"

Hapo daktari hakujua. Aliyekuwa anajua alikuwa amesimama mlangoni.

"Yalikuwepo," akasema Sekunde. "Ufunguo wa friji nilikuwa nao mimi."

Upasuaji ukafanyika, na ukaenda salama. Damu ilikoma siku ya kwanza, na siku ya pili haikurudi, na siku ya tatu haikurudi. Sekunde alikwenda wodini kila siku na kila siku alisimama miguuni mwa kitanda akiwa na maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga njiani, na kila siku Kitinda alimuuliza habari za nyumbani kwake, binti zake, wajukuu zake, mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Siku ya tano akamkatiza katikati ya salamu.

"Kaka, nenda ukaichukue ile karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya mihuri miwili."

"Wameshaitupa, mdogo wangu. Miaka ishirini na moja."

"Nenda."

Akaenda. Aliivuka barabara ile akiwa na karatasi mpya mfukoni, ya maabara kubwa, na hotuba kali kichwani. Atawasomea wote. Atasoma kwa sauti, majirani wasikie, kama walivyosikia zamani. Seremala hakuwepo, alikuwa ameshahamia kwingine na mke mwingine na watoto. Baba mdogo aliyependa kusoma mbele za watu alikuwa amekufa. Alimkuta yule mama peke yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, urefu wake wote umekunjamana, sauti bado nzito.

"Wewe ni mtu wa dirishani," akasema. "Kaa."

Sekunde hakukaa. Akatoa karatasi mpya, akaanza kuisoma. Alipofika kwenye maneno yenyewe, kwamba ni ugonjwa, kwamba ni wa kuzaliwa, kwamba mimba zilitoka kwa sababu hiyo, yule mama akainua mkono.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Kwa hiyo kulikuwa na kitu kwenye damu."

"Kulikuwa nacho."

Mama mkwe akaanza kucheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kusikia.

"Baba, unajua nilikuja kwako kufanya nini siku ile? Shemeji zangu walikuwa wameshakata shauri kwamba msichana anatoa mimba. Nikawaambia, hapana, huyu namjua, nimelala naye chumba kimoja akiwalilia wale watoto. Huyu anaumwa. Wakasema, lete karatasi. Nikaja kwako nikikuombea Mungu uuone ugonjwa. Nikakuuliza mara ngapi? Nikakwambia tazama tena. Nikakwambia hata kidogo. Ungeniandikia kidogo tu, ningepigana nao."

Sekunde akaishusha ile karatasi mpya.

"Mimi kusoma sijui," akaendelea yule mama. "Sikujua hata umeandika nini. Nikakurudishia unisomee, nikidhani labda moyo wako utalainika mbele za watu. Ukanisomea kwa sauti kubwa." Akapangusa macho kwa kiganja. "Wanasema majuto ni mjukuu. Kwa yule msichana wajukuu wengine sikupata, nimepata huyo huyo."

Akanyanyuka kwa kujivuta, akaingia ndani, akakaa sana. Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, imekuwa laini kama kitambaa, mikunjo imeanza kuachia. Mihuri miwili ilikuwa bado inasomeka.

"Niliitunza," akasema. "Nilidhani siku moja utakuja kusema umekosea. Mpelekee. Na umwambie namsalimia."

Siku ya wiki ya nne ilipofika, Kitinda alikuja maabara kuwekewa mfuko wake wa pili. Sekunde aliuyeyusha mwenyewe katika beseni lile lile la maji ya uvuguvugu, akaupangusa, akampa muuguzi autundike. Kisha akavuta kiti, akaitoa ile karatasi ya zamani akaiweka juu ya magoti ya mdogo wake, akamsimulia yote. Hakuacha kitu. Alimsimulia tundu la dirisha, na maneno ya yule mama, na jinsi alivyoyaelewa kinyume, na ule mstari aliouongeza. Hata salamu alizifikisha.

Kitinda alisikiliza huku akitazama matone yakishuka.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba alinipigania. Siku nilipoondoka yeye ndiye aliyenifungia mizigo, na alilia kunizidi. Aliniambia, mwanangu, nimekwenda hadi kwa kaka yako, amenigomea. Mimi nilijua siku ile ile."

Sekunde akamgeukia. "Miaka yote hii! Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ulikuwa na saa." Akaifungua karatasi polepole isichanike, akainyoosha juu ya paja kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukata. "Sikukasirikia hesabu yako, kaka. Hesabu yako ilikuwa sawa, hata daktari amesema. Mimi nimekasirikia huu mstari wa chini. Na mama, Mungu amrehemu. Ulimnyamazisha mama."

"Nisamehe."

Sekunde akanyoosha mkono kuichukua karatasi, aichane, aitupe na uchafu mwingine wa siku ile, lakini mdogo wake akaiondoa upesi, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile minne, akaitia kwenye mkoba pamoja na mkasi na futi yake ya kupimia.

"Hii naiweka mimi," akasema. "Wewe unazeeka. Siku ukianza kusahau, nitakusomea."

Mfuko ulipokwisha, Kitinda alimwita muuguzi aje amtoe sindano. Sekunde akabaki amekaa, pamba aliyomwandalia mkononi.